Kuua kwa ajili ya pesa: sheria ya Congo na somo la kesi ya Kibumba

Katika Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mtu anayemuua mwenzake kwa kupanga mbele anaweza kuhukumiwa kifo. Hivyo ndivyo kinavyosema kifungu cha 45 cha sheria ya makosa ya jinai. Kifungu cha 85 kinagusa moja kwa moja mambo ya mali: anayeua ili aibe, au ili anyang’anye pesa, au ili asijulikane kisha wizi, naye adhabu yake ni kifo.

Lakini kati ya kitabu cha sheria na hukumu kuna njia ndefu. Wakaaji wa Kivu Kaskazini waliiona katika kesi ya balozi wa Italia, Luca Attanasio.

Siku ya jumatatu tarehe 22 Februari 2021, msafara wa shirika la chakula ulimwenguni PAM ulitoka Goma kuelekea Rutshuru. Watu wenye silaha waliusimamisha karibu na Kibumba, mtaani Nyiragongo. Waliuawa watatu: dereva Mkongomani wa PAM, mlinzi wa balozi, na balozi mwenyewe, mwenye miaka 43.

Mwezi Januari 2022, polisi ya Kivu Kaskazini ilionyesha washukiwa waliokamatwa. Ilisema kwamba walitaka kumteka balozi nyara na kudai dola milioni moja.

Kesi ilisikilizwa Kinshasa, mbele ya tribinali ya kijeshi, kuanzia Oktoba 2022. Washtakiwa walikana makosa. Mwendesha mashtaka aliomba wauawe. Italia, iliyokuwa upande wa waliodhulumiwa, ilisema wazi kwamba haikubali adhabu ya kifo. Tarehe 7 Aprili 2023, watu sita walihukumiwa kifungo cha maisha, mmoja kati yao akiwa bado mtoro.

Kuna waliouliza: mbona si kifo? Kifungu cha 18 cha sheria ileile kinamruhusu hakimu kupunguza. Kama anaona sababu za kupunguza adhabu, anaweza kuweka kifungo cha maisha, au miaka anayoamua mwenyewe, mahali pa kifo. Tena, tangu Januari 2003 hukumu za kifo zilikuwa zikitolewa bila kutekelezwa. Waliohukumiwa walibaki gerezani.

Tarehe 13 Machi 2024, wizara ya sheria ilitangaza kwamba usitishaji huo umeondolewa, hasa kwa wasaliti na kwa ujambazi wa mijini unaoleta kifo. Mashirika ya haki za binadamu yalipinga, yakisema kwamba mahakama zinaweza kukosea, na maiti haifunguliwi gerezani.

Kwa familia za barabara ya Goma-Rutshuru, swali liko karibu zaidi. Kwa miaka mingi wakulima, wachuuzi na madereva wametekwa nyara njiani, na jamaa zao wameuza shamba au ng’ombe ili walipe. Wengi kati ya wateka nyara hawakufika hata siku moja mbele ya hakimu. Kesi ya Kibumba ilifika, kwa sababu kati ya waliokufa kulikuwa balozi.

Ukali wa adhabu unamtisha yule anayejua kwamba atakamatwa. Kwa anayejua kwamba hakuna atakayemtafuta, kifo na kifungo cha maisha ni maneno ya karatasi tu.