Mtendaji na Tendo Lake: Somo la Kwanza la Kiingereza kwa Vijana wa Magu

Mzazi akaaye Magu mjini, au Kisesa, au katika kijiji chochote cha ufuko wa Ghuba ya Speke, ampelekapo mwanawe Kidato cha Kwanza hampeleki katika darasa jipya tu. Ampeleka katika lugha nyingine. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule za msingi za serikali katika Tanzania Bara zafundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa ni somo moja tu miongoni mwa masomo. Mtoto afikapo sekondari mambo yageuka: historia, jiografia, hesabu na elimu ya viumbe, yote yaandikwa na kuulizwa kwa Kiingereza. Kijana aliyeona kwa macho yake jinsi mto Simiyu unavyomwaga tope ziwani wakati wa masika aweza kukosa alama katika swali la mito, si kwa kutojua, bali kwa kuwa sentensi yake haikusimama.

Sababu za kuanguka kwa sentensi ni nyingi, na hatuwezi kuzimaliza katika kurasa hizi. Tumeichagua moja, nayo ni ya kupatanisha mtendaji na tendo lake. Mambo ambayo vitabu vya sarufi huyaita upatanisho wa kiima na kitenzi. Tumeichagua kwa kuwa ndilo kosa limkutalo mwanafunzi siku za mwanzo kabisa, na likimzoea huenda naye hata chuo kikuu.

Kosa lenyewe ni hili. Mtoto huandika “The boys runs”. Mwalimu hutia wino mwekundu juu ya ile s ya mwisho. Mtoto hushangaa, na haki anayo ya kushangaa, maana juma lililopita aliambiwa kuwa s ni alama ya wingi: “boy” mmoja, “boys” wengi. Basi akaona kuwa wavulana wakiwa wengi na mbio zao nazo zitakuwa nyingi, akatia s huku na huku. Hoja yake si ya kipumbavu hata kidogo. Kiingereza ndicho kilichomgeuka: s ikikaa mwishoni mwa jina yaonyesha wingi, na s hiyo hiyo ikikaa mwishoni mwa tendo yaonyesha umoja. “The boy runs”, mvulana hukimbia. “The boys run”, wavulana hukimbia.

Kanuni yake ni nyepesi. Katika wakati uliopo, tendo hupata s pale tu mtendaji awapo mmoja, wala si mimi nisemaye wala si wewe usemwaye naye: “he runs”, “she runs”, “the boat leaks”. Wengine wote hutumia tendo tupu: “I run”, “you run”, “we run”, “they run”. Wako walimu wawafundishao watoto kwamba s ni moja kwa nyumba mbili. Ikilala kwa jina, hailali kwa tendo. Kwa siku za mwanzo neno hili lafaa, lakini mzazi asiliegemee sana. Majina kama “children”, “men”, “women” na “people” ni ya wingi na hayana s. Mtoto aliyeshika ile kanuni ya nyumba mbili ataona nyumba ya kwanza tupu, naye ataitia s katika ya pili, aandike “The children runs”. Afadhali azoezwe tangu mapema kuuliza, “Ni wangapi?” kuliko kuuliza, “Iko s?”

Yafaa pia kijana ajue kuwa s hiyo ni mabaki ya jengo kubwa lililobomoka. Kiingereza cha kale, miaka elfu na zaidi iliyopita, kilikuwa na miisho mingi ya matendo: mimi na mwisho wangu, wewe na mwisho wako, na wengi wana mwisho wao. Karne baada ya karne miisho hiyo ikachakaa na kudondoka. Kwa mtu mmoja asemwaye kulibaki miisho miwili iliyoshindana: watu wa kusini mwa Uingereza walitumia “eth”, na wa kaskazini walitumia s. Kufikia karne ya 17 ile ya kaskazini ilikuwa imeshinda katika mazungumzo ya watu. Ndiyo sababu mwanafunzi akisoma maandishi ya zamani hukutana na “he cometh” mahali ambapo leo angeona “he comes”.

Jambo jingine la namna hiyo ni neno “you”. Watoto huuliza kwa nini mtu mmoja aambiwe “you are” wala asiambiwe “you is”. Jawabu ni kuwa “you” hapo kale lilikuwa neno la watu wengi, na mmoja aliitwa “thou”. Watu wakaanza kumwita mkubwa mmoja kwa neno la wengi kwa kumstahi, kisha wakaitana hivyo wote, mpaka “thou” likatoweka katika maneno ya kila siku. Mtu akawa mmoja, lakini heshima ya wingi ikabaki katika tendo.

Basi mambo haya ya kupatanisha si mageni kwetu. Mtoto wa Magu huyajua kabla hajaliona darasa. Msukuma husema munhu akiwa mmoja na banhu wakiwa wengi, na tendo lafuata nyuma likibadilika. Kwa Kiswahili ndivyo hivyo: mtumbwi umerudi, mitumbwi imerudi; kikapu kimejaa, vikapu vimejaa. Tofauti ni kuwa sisi alama twaitia mbele ya tendo, naye Mwingereza huitia nyuma. Sisi tuna alama nyingi, naye anayo moja. Waingereza na Wajerumani waliokuja kujifunza lugha yetu waliona taabu kubwa zaidi kuliko hii ya watoto wetu. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na Askofu Steere akatoa chake mwaka 1870. Katika vitabu hivyo makundi ya majina na upatanisho wake yamechukua nafasi kubwa. Mwenye kumudu “kiti kimevunjika, viti vimevunjika” tangu utotoni asiogopeshwe na herufi moja.

Hapa tuna neno kidogo kwa wazazi. Tangu Nairobi hata Lubumbashi husikika katika miji ya bara maneno kama “kitabu yangu” na “viti imevunjika”. Baba na mama waliozoea kusema hivyo nyumbani wamnyima mtoto chombo kilicho tayari. Anayesikia kila siku kuwa tendo lamfuata mtendaji wake atauliza habari hiyo pia katika Kiingereza. Asiyesikia hana la kuuliza.

Lakini chombo hicho hicho hukata upande wa pili, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana vitabu vingi vya shule viliandikwa na watu wasiojua mtoto anafikiri kwa lugha gani. Kiswahili kina majina ambayo twayahesabu kuwa ni wingi, ilhali Mwingereza ayahesabu kuwa ni kitu kimoja. Twasema maji yamejaa, maziwa yameganda, mafuta yamekwisha. Mtoto atafsiri moyoni, akaandika “The water are”, “The milk are”, “The oil are”. Yote matatu ni makosa. Mwingereza husema “The water is”, “The milk is”, “The oil is”. Fedha zimekwisha, kwake ni “The money is finished”. Nywele zake ni ndefu, kwake ni “Her hair is long”. Habari zimefika, kwake ni “The news has come”, na neno hili lawadanganya hata watu wazima, kwani lina s mwishoni na maana yake kwetu ni ya wingi, na bado tendo lake ni la umoja. Ndugu zake ni “mathematics” na “physics”, nayo ni masomo mamoja mamoja: “Mathematics is hard.”

Kisha yako ya kinyume. Suruali imechanika, kwetu ni moja. Mwingereza aona miguu miwili, asema “The trousers are torn”. Mkasi unakata, kwake ni “The scissors cut”, bila ya s katika tendo. Miwani imevunjika, kwake ni “The glasses are broken”. Polisi amekuja au wamekuja, sisi twatofautisha, yeye “police” kwake ni wengi siku zote: “The police are here.” Maharage yameiva na “The beans are ready” yapatana bila taabu, lakini mchele na “rice” ni umoja pande zote mbili, wala hapana wa kukosea hapo.

Samaki ni mfano mzuri kwa watu wa ziwani. Kwetu neno halibadiliki: samaki amekauka, samaki wamekauka, tendo ndilo litoalo habari ya hesabu. Na “fish” la Kiingereza aghalabu ni hivyo hivyo. “The fish is dry” ni sangara mmoja aliyeanikwa. “The fish are dry” ni chanja zima.

Taabu nyingine huja mtendaji anapokuwa mbali na tendo lake. Tuseme “Mfuko wa maembe umechanika”. Hapana Mswahili atakayesema “yamechanika”, kwani anajua kilichochanika ni mfuko. Lakini mtoto huyo huyo huandika “The bag of mangoes are torn”, maana “mangoes” limekaa karibu na tendo likamvuta. Atafsiri kwanza kwa Kiswahili, ajiulize alama yake ingekuwa “u” au “ya”. Akipata “u”, ajue mtendaji ni mmoja, aandike “is torn”. Njia hii twaiona bora kuliko kanuni kumi za vitabu. Yamsaidia pia katika “Each of the boys is here”, maana kwetu twasema kila mmoja wa wavulana yupo, wala hatusemi wapo. Na wawili wakiunganishwa kwa “and”, ni kama sisi: Ali na Fatuma wanasoma, “Ali and Fatuma read”.

Aliyesoma nahau kidogo chuoni huja na tatizo lake mwenyewe. Katika Kiarabu tendo likimtangulia mtendaji hubaki katika umoja ijapokuwa watendaji ni wengi: wasema “kataba ’l-auladu”, na likifuata nyuma ndipo hupata wingi, “al-auladu katabu”. Asiichukue desturi hiyo katika Kiingereza. Huko tendo hupatana na mtendaji hata likimtangulia. Katika kuuliza, lile neno la kusaidia ndilo litanguliulo na ndilo libebalo s: “Does the boy write?” kwa mmoja, “Do the boys write?” kwa wengi. Na kwa kuwa s imekwisha kuchukuliwa na “does”, tendo lenyewe haliipati tena, “Does he writes?” na “He does not writes” ni kulipa deni moja mara mbili.

Na Kiswahili nacho kina mtego wa namna hiyo katika neno “kuna”. Twasema kuna mtumbwi ufukoni, kuna mitumbwi ufukoni. “Kuna” halijali hesabu. Mwingereza asemapo “there” hana budi kwanza kutazama mbele kilichopo ndipo achague: “There is a boat”, “There are boats”. Jioni, watoto wakiwa wamekaa, mzazi na aseme kwa Kiswahili nao wajibu kwa Kiingereza: kuna maji mtungini; kuna vikombe mezani; kuna maziwa; kuna watu mlangoni; kuna habari kutoka Mwanza. Majibu yake, kwa mpangilio huo, ni “is”, “are”, “is”, “are”, “is”.