Nguvu za Mpigaji Zatoka Wapi?

Huko Marekani kuna mchezo uitwao besiboli, unaopendwa na wakubwa kwa wadogo. Mtupaji husimama mbali kadiri ya meta 18, akatupa mpira mdogo mgumu wenye uzito wa gramu 145 hivi. Mpigaji humngoja, ameshika gongo la mti la mviringo. Mpira ukitupwa kwa mwendo wa kilometa 150 kwa saa, humfikia kwa muda usiozidi nusu sekunde. Katika nafasi hiyo fupi yampasa auone, aamue kuupiga au kuuacha, kisha apige. Je, ni mikono minene imwezeshayo?

Sivyo. Mtazameni mpasua kuni. Asiyejua kazi hupiga kwa mikono peke yake, akachoka upesi. Ajuaye huthibitisha miguu, hugeuza kiuno, na shoka hufuata. Ndivyo afanyavyo mpigaji. Kwanza hukanyaga mbele kwa mguu mmoja, nyonga huzunguka, kifua na mabega hufuata, halafu mikono, na mwisho vifundo vya mikono. Kila kiungo huupokea mwendo wa kile kilichotangulia, nacho huuongeza. Mikono ikikitangulia kiuno, nguvu za miguu hupotea bure.

Gongo nalo lina hesabu yake. Babe Ruth, mpigaji mashuhuri wa miaka ya 1920, alitumia magongo yaliyopita kilo moja. Wapigaji wa siku hizi hupenda yenye gramu 900 hivi, kwa maana gongo jepesi huzungushwa upesi zaidi, na wepesi huo una faida kubwa. Wataalamu wamehesabu hivi: gongo likiongezwa kasi ya kilometa 1 kwa saa, mpira huruka kwa kasi zaidi ya kadiri ya kilometa 1.2, bali mtupaji akiongeza kilometa 1, mpira uliopigwa hupata kama 0.2 tu.

Basi, je, mwenye kasi kuu ndiye bora siku zote? Mwaka 2024 vipimo vya kasi ya magongo vilianza kutangazwa kwa watu wote. Giancarlo Stanton alikuwa wa kwanza, gongo lake likienda kama kilometa 130 kwa saa. Luis Arráez wa Venezuela alikuwa nyuma kabisa, kama kilometa 101. Lakini katika miaka 2022, 2023 na 2024, Arráez huyo ndiye aliyewashinda wenzake wa ligi yake kwa kadiri ya mapigo yaliyofaulu! Stanton huupeleka mpira mbali sana, lakini mara nyingi hukosa; Arráez haupeleki mbali, lakini hukosa kwa nadra.

Vijana, jifunzeni jambo hili. Kasi huupeleka mbali mpira uliopatwa. Mpira uliokoswa hauendi popote. Kwanza jicho na utaratibu wa viungo, ndipo nguvu.