Samaki wa Ziwa Nyasa hutafutwa wapi, na kwa nini mbasa anaadimika

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

ZIWA Nyasa lina kina cha takriban mita 700 katika sehemu yake ya chini kabisa, lakini karibu samaki wote wanaouzwa katika masoko ya Mbinga na Songea hutoka kwenye tabaka la juu, ambalo ni kiasi cha theluthi moja tu ya kina hicho. Chini ya mita 250 hivi maji hayana hewa ya oksijeni, na hakuna samaki awezaye kuishi humo.

Kwa mkazi wa mjini ambaye hulijua ziwa hilo kwa kuliona kwenye ramani, taarifa hiyo yaweza kushangaza. Nyasa ni ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 29,600 na urefu unaozidi kilomita 550, na wataalamu hukadiria kuwa lina aina zaidi ya 800 za samaki, wengi wao wakiwa hawapatikani mahali pengine popote duniani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji hayo ni kama ghala tupu. Mvuvi wa Liuli, Mbamba Bay au Lituhi hawezi kutupa wavu popote akatumaini kupata kitoweo. Yeye hutafuta mipaka: pale mwamba unapokutana na mchanga, mto unapokutana na ziwa, na nuru inapokutana na giza. (Mpaka ule mwingine, ambao Tanzania na Malawi zimekuwa zikibishania tangu miaka ya 1960, samaki hawaujui.)

Sababu ya maji ya chini kukosa hewa ni kwamba hayachanganyiki na ya juu. Jua huyapasha joto maji ya juu, nayo yakawa mepesi na kuelea juu ya yale mazito ya chini mwaka mzima. Mabaki ya viumbe vilivyokufa huzama na kuoza huko, yakatumia hewa iliyopo, na rutuba yake ikabaki imefungiwa chini. Msaada huletwa na upepo wa kusini-mashariki, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, unaovuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Upepo huo huyapoza maji ya juu, huyavuruga na kupandisha sehemu ya rutuba, na hapo mimea midogo ya majini hustawi, wadudu wakapata chakula na samaki wakafuata.

Ubaya wake ni kwamba upepo uleule unaolilisha ziwa ndio unaozamisha mitumbwi. Ziwa limelala kutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo mawimbi hupata njia ndefu isiyo na kizuizi kabla ya kufika pwani ya Ruvuma. Ndiyo maana ghuba zilizokingwa zimethaminiwa tangu zamani. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kutokana na umbo la mwamba wake, ndipo ilipokuwa meli yao Hermann von Wissmann iliposhambuliwa na Waingereza Agosti 1914, siku chache baada ya vita kuu ya kwanza kuanza Ulaya.

Samaki wa mwambani na wa mchangani

Mtu akipita karibu na ufuko wa Mbamba Bay siku ya maji matulivu, ataona samaki wadogo wa rangi ya buluu na manjano wakizunguka miamba. Hao ndio wanaopendwa na wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani. Wengi wao hula ukoga unaoota juu ya mawe, na hawathubutu kuvuka eneo pana la mchanga kwenda mwamba wa pili. Matokeo yake, samaki wa jamii moja huweza kuwa na rangi tofauti katika miamba isiyo mbali sana. Kwa kitoweo, thamani yao ni ndogo.

Wenye faida kwa mlaji ni majirani zao. Juu ya miamba iliyozama mbali kidogo na ufuko, ambako mkondo hupandisha chakula, hukusanyika samaki wadogo ambao Malawi huwaita utaka. Mvuvi hana haja ya kuuona mwamba huo. Huujua kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mathalani mti na kilele cha mlima, na maarifa hayo hurithiwa katika familia. Usiku ni zamu ya kampango, kama aitwavyo huko Malawi, samaki mkubwa mwenye sharubu na asiye na magamba. Huyu hutoka kuwinda gizani na hunaswa kwa nyavu za kutega au kwa mshipi mrefu wenye ndoano nyingi.

Perege hupatikana kwenye mchanga na penye majani, katika maji ya kina kifupi. Dume huchimba kiota mchangani, jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai na watoto kinywani. Tabia hiyo huwalinda watoto dhidi ya samaki wengine lakini haiwasaidii dhidi ya kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni ukisomba kiota, mama na vifaranga kwa pamoja. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza kokoro, baruti na sumu. Malawi, ambako perege wa aina hii huitwa chambo, waliona samaki huyo akipungua vibaya katika miaka ya 1990 kwenye maji ya kusini mwa ziwa.

Usipa na taa

Katikati ya ziwa, mbali na mwamba na mchanga, mtawala ni usipa. Samaki huyu mwembamba huishi kiasi cha mwaka mmoja tu, kwa hiyo wingi wake hubadilika sana. Mwaka mmoja ukiwa mbaya kwa mazalia, mwaka unaofuata wachanja huwa tupu; ukiwa mzuri, bei hushuka ghafla.

Usipa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi. Wadudu wadogo wa majini hukaa vilindini wakati wa mchana na kupanda juu giza linapoingia. Miongoni mwao wamo viluwiluwi wa wale nzi wa ziwani ambao, wakishakomaa, huruka kwa mawingu mazito yanayofanana na moshi. Taa huwavuta wadudu, nao usipa hujikusanya kula, kisha wavu wenye matundu madogo huinuliwa kutoka chini. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai. Sasa za betri na za umeme wa jua zimeenea. Mwezi ukiwa mpevu nuru hutapakaa kila mahali, na taa ya mvuvi hupoteza nguvu yake. Kwa hiyo mama lishe anayetaka kujua lini usipa wabichi watakuwa wengi anaweza kutazama mbingu kabla ya kuuliza bei.

Palipo na usipa, mbasa hayuko mbali. Mbasa ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye mwili wa mkimbiaji, ambaye akikomaa humla usipa. Waandishi wa Kiingereza humwita samoni wa ziwa, ingawa hana undugu na samoni. Jina hilo lilitokana na safari yake ya kupanda mito. Akiwa ziwani ni vigumu kumkuta kwa makusudi, kwa kuwa hutangatanga akifuata makundi ya usipa. Mtafutaji anaweza tu kufuata windo lake, akitazama mahali ambapo ndege wanashuka na maji yanachemka kwa samaki wadogo wanaokimbia.

Mambo hubadilika mvua zinaponyesha. Mito inapojaa, mbasa wakubwa hukusanyika midomoni mwake na kupanda juu kutafuta maji yaendayo kasi yenye changarawe, ambako hutaga. Mto Ruhuhu, unaomwaga maji yake ziwani kati ya Manda upande wa Ludewa na Lituhi upande wa Ruvuma, ni miongoni mwa njia zake kuu. Samaki aliyekuwa akitafutwa katika maelfu ya kilomita za mraba sasa hupita kwenye mlango wenye upana wa kutupa jiwe, akiwa na mayai tumboni. Wavu mmoja ukikingwa hapo hufanya kazi ambayo ziwani ingechukua miezi. Haishangazi kwamba Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, limemworodhesha mbasa miongoni mwa samaki waliomo hatarini. Tofauti na usipa, mbasa huishi miaka kadhaa, na pengo la kizazi kimoja halizibwi kwa msimu mmoja.

Hatari ya pili hutoka milimani, na watu wachache huihusisha na samaki. Mayai ya mbasa yanahitaji changarawe safi ambamo maji hupenya na kuleta hewa. Udongo unaporomoka kutoka mashamba ya miteremko hufukia changarawe hiyo. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo, cha mashimo yanayopangwa kwa matabaka ya majani juu ya miteremko mikali ya Mbinga, kinasifiwa kwa kuzuia mmomonyoko na kutunza rutuba ya shamba. Mito kadhaa ya nyanda hizo huishia ziwani, hivyo mkulima anayechimba ngoro humhudumia pia mvuvi asiyemfahamu.

Tangu Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, pwani yote ya Ruvuma iko chini ya makao makuu yaliyopo Mbamba Bay. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imefupisha sana safari ya samaki wa barafu. Walaji wa mjini wamenufaika, na bei nzuri imempa mvuvi sababu zaidi ya kusogea kwenye mdomo wa mto wakati wa mvua. Mlaji naye anaweza kutambua alichouziwa: mbasa mnene anayepasuliwa jikoni mwezi Machi na kukutwa na mayai alikamatwa akiwa njiani kwenda kutaga.