Sura ya Saba: Udogo wa Chuo na Uamuzi wa Kijana

Chuo kidogo cha sanaa huria ni taasisi ya Kimarekani isiyo na mfano wa karibu katika mifumo ya elimu ya Afrika Mashariki. Hutoa karibu shahada ya kwanza pekee, kwa miaka 4, katika fani za msingi kama fizikia, historia, falsafa, hisabati, uchumi, lugha na muziki, wala hakimfungi mwanafunzi katika taaluma moja tangu siku ya kuingia, kwa kuwa fani kuu, yaani somo atakalolichimba kuliko mengine, kwa kawaida hutangazwa mwishoni mwa mwaka wa pili. Biolojia na sayansi ya kompyuta zimo katika sanaa huria sawasawa na ushairi. Williams, kilichoanzishwa mwaka 1793 katika milima ya magharibi ya Massachusetts, kina wanafunzi wapatao 2,000. College of the Atlantic, kilichopo kwenye kisiwa katika jimbo la Maine, kina wapatao 350 na hutoa shahada ya kwanza ya aina moja tu, ya ikolojia ya binadamu. Kwa kuwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu hawapo au ni wachache mno, profesa mwenyewe ndiye anayefundisha, anayesahihisha insha na anayesimamia maabara, na mwaka wa mwisho ndiye anayeandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi ambaye kweli anamfahamu.

Ugumu wa kuchagua kati ya vyuo hivi unatokana na kufanana kwao. Familia inapoweka mezani vipeperushi vya vyuo vitano, vyote hutaja madarasa madogo, walimu walio karibu na wanafunzi, na jumuiya inayojaliana, na kwa kuwa maneno hayo ni ya kweli kwa karibu vyote, hayamsaidii mtu kuchagua. Kinachokitenga chuo kimoja na kingine ni kile ambacho udogo wake umekiondoa. Chuo kikuu chenye wanafunzi 40,000 kikipungukiwa na kitu hapa, huwa na kingine pale cha kufidia, lakini chuo cha wanafunzi 1,500 kikikosa kitu, kitu hicho hakipo kabisa. Kumsaidia kijana kuchagua, basi, ni kumsaidia kutambua upungufu upi anaweza kuishi nao kwa miaka 4 bila kudhurika, na upi utamnyima kile hasa anachokiendea huko.

Mahali pa kwanza pa kuuona upungufu huo ni idara. Idara ya fizikia yenye walimu wanne huonekana kamili kwenye orodha, lakini mmoja wao akiwa katika likizo ya utafiti, ambayo kwa desturi ya vyuo hivi huja kila baada ya miaka michache, robo ya idara imeondoka, na kozi alizokuwa akizifundisha yeye peke yake huenda zisitolewe hadi atakaporudi. Kitabu cha kozi hakionyeshi jambo hilo, kwa sababu huorodhesha kila kozi ambayo chuo kina haki ya kuitoa. Kinacholionyesha ni ratiba halisi za mihula iliyopita, ambazo vyuo vingi huziweka wazi kwenye tovuti zao. Kijana aliyefaulu vizuri sana hisabati ya kidato cha sita anapaswa kuzisoma ratiba hizo kwa makini kuliko wengine, maana anaweza kuingia akiwa tayari ameyavuka masomo ya mwaka wa kwanza, kisha kufika mwaka wa tatu akakuta kozi zilizobaki ni mbili, moja ikiwa inatolewa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata. Zoezi hilo lisiishie kwenye idara ya somo analolipenda leo. Wanafunzi wengi hubadili nia wakiwa chuoni, na kwa kweli mfumo umejengwa ili wabadili, kwa hiyo idara ya somo ambalo kijana hulitazama kwa udadisi tu, bila kuthubutu kulitaja nyumbani, nayo ihesabiwe walimu wake.

Jambo la pili ni umbo la mtaala, na hapa vyuo vidogo hutofautiana kwa kiasi ambacho wazazi wengi hawakitarajii. Amherst cha Massachusetts na Grinnell cha Iowa havimpi mwanafunzi orodha ya masomo ya lazima nje ya fani yake kuu, isipokuwa semina moja ya mwaka wa kwanza. St. John's, chenye kampasi Annapolis na Santa Fe, tangu mwaka 1937 kimeshika njia iliyo kinyume kabisa, kwani hakina fani kuu, na wanafunzi wake wote husoma vitabu vikuu vile vile, kuanzia vya Wagiriki wa kale, wakivijadili wakiwa wameizunguka meza moja. Colorado College, tangu mwaka 1970, kimeugawa mwaka katika vipindi vya wiki 3 na nusu, na katika kila kipindi mwanafunzi husoma kozi moja tu hadi imalizike. Reed, kilichopo Portland, humtaka kila mwanafunzi aandike tasnifu katika mwaka wa mwisho, na ingawa alama huwekwa kwenye kumbukumbu, yule ambaye kazi yake inaridhisha hatajiwi alama hizo asipoziulizia. Swarthmore, karibu na Philadelphia, kina programu ya heshima iliyoanza mwaka 1922, ambayo wanafunzi wake hutahiniwa na wataalamu kutoka nje ya chuo.

Tofauti hizi si ngazi ya ubora, nazo zisomwe kwa kuitazama tabia ya kijana. Aliyetoka katika tahasusi ya fizikia, kemia na biolojia, ambaye kwa miaka miwili kila mada aliyoisoma ilipangwa na mtaala wa taifa, anaweza kuupokea uhuru wa Grinnell kama hewa safi, au anaweza kupotea ndani yake. Anayefurahia kuzama katika jambo moja atastawi Colorado, ilhali yule anayehitaji kulala na swali la hisabati kwa siku kadhaa kabla halijafunguka atauona mtihani umefika akiwa bado analikodolea macho. Mzazi aliyemtazama mtoto wake akijiandaa kwa mitihani ya taifa ana maarifa ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mwongozo, na ni vizuri ayatumie.

Kuna suala moja ambalo vitabu vya Kimarekani havilizungumzii kwa sababu halimhusu msomaji wake, nalo ni ukimya. Katika darasa la watu 12, kushiriki mjadala huwa sehemu ya alama, na mwanafunzi asiyesema huhesabiwa kuwa hajasoma. Kijana aliyelelewa akijua kwamba heshima mbele ya mkubwa ni kusikiliza, na ambaye shuleni alikaa katika chumba cha wanafunzi 60 ambamo kuinua mkono mara kwa mara kulichukuliwa kuwa majigambo, hukutana hapo na kanuni mpya kabisa ya adabu, ambayo chini yake kumpinga profesa kwa hoja ni namna ya kumheshimu. Udogo wa chuo haumwachii pembe ya kujificha. Jambo hili lisimwogopeshe, kwa sababu wengi huizoea kanuni hiyo katika muhula wa kwanza, lakini inafaa alijue mapema, na afadhali mzazi mwenyewe amwambie kwa kinywa chake kwamba kubishana darasani huko hakutamvunjia mtu heshima.

Upungufu mwingine huzibwa na majirani. Vyuo vitano vya Claremont huko California, Pomona kikiwa ndicho kikongwe, vinapakana kiasi kwamba mwanafunzi huenda kwa miguu kusoma kozi katika chuo cha pili. Swarthmore, Haverford na Bryn Mawr hupokeana wanafunzi, na Amherst, Smith na Mount Holyoke vinaunganishwa kwa basi na Chuo Kikuu cha Massachusetts chenye maelfu ya kozi. Grinnell, katikati ya mashamba ya Iowa, hakina jirani wa aina hiyo.

Kuhusu umaarufu, ambao ndio huzua mabishano makali zaidi nyumbani, historia ya Kenya ina ushahidi wa kutosha. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960 katika mpango wa kuwasafirisha wanafunzi uliopiganiwa na Tom Mboya, na akasoma biolojia katika chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas, chuo cha watawa wa Kibenediktini ambacho ni wachache mno waliopata kukisikia Nairobi. Alihitimu mwaka 1964, akaendelea na shahada ya pili Pittsburgh, na mwaka 2004 akapokea Tuzo ya Nobeli ya Amani. Orodha za ubora zinazochapishwa na jarida la U.S. News tangu mwaka 1983 hazipimi kile alichokipata Atchison, na Reed kimekataa kuzipelekea taarifa zake tangu mwaka 1995. Familia inaweza kuzitumia orodha hizo kuyajua majina ya vyuo, lakini kuzitumia kuamua kati ya chuo cha 12 na cha 27 ni kumdhulumu kijana.

Fedha zinahitaji ukweli kuliko jambo lolote jingine katika sura hii. Bei iliyotangazwa katika vyuo vingi mashuhuri, ada pamoja na bweni na chakula, imevuka dola 80,000 kwa mwaka, lakini wanafunzi wengi hawalipi bei hiyo. Wanacholipa ni bei halisi, yaani kinachobaki baada ya ruzuku ya chuo kuondolewa. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inavitaka vyuo viweke kwenye tovuti kikokotoo cha kukadiria bei hiyo, ingawa kwa kawaida kimetengenezwa kwa ajili ya raia na wakazi wa kudumu. Mwombaji kutoka nje anapaswa kuuliza maswali mawili yasiyofanana: je, uwezo wa kulipa hutazamwa wakati wa kumdahili, na je, akidahiliwa, pengo lote hufidiwa? Amherst na Bowdoin humdahili mgeni bila kutazama uwezo wake na kisha hufidia pengo, lakini vyuo vya namna hiyo ni vichache mno. Vilivyo vingi huutazama uwezo, na baadhi humdahili mtu bila kumpa fedha za kutosha, jambo ambalo ni sawa na kumnyima nafasi. Berea, huko Kentucky, hakijamtoza mwanafunzi ada tangu mwaka 1892, na kila mwanafunzi wake hufanya kazi chuoni. Wahitimu wa shule za kimataifa za UWC (United World Colleges), ikiwamo ile yenye kampasi Moshi na Arusha, wana mlango wa ziada, kwa sababu mpango wa ufadhili wa Davis huvisaidia vyuo shiriki kuwagharamia.

Suala la fedha linagusa pia ombi la mapema lenye kufunga, yaani lile ambalo kijana huahidi kwamba akikubaliwa atakwenda na kuyafuta maombi mengine yote. Kwa kawaida hupelekwa Novemba na jibu huja Desemba. Linaweza kuongeza matumaini ya kudahiliwa, na msaada usipotosha familia inaweza kufunguliwa ahadi hiyo, lakini linaiondolea nafasi ya kulinganisha barua za msaada za vyuo mbalimbali. Familia ambayo tofauti ya dola 5,000 kwa mwaka itailazimisha kuuza shamba haipaswi kuingia katika ahadi hiyo kabla ya kupata makadirio ya maandishi kutoka ofisi ya msaada wa fedha.

Pesa za chuo chenyewe nazo zichunguzwe, kwa sababu vyuo vidogo hufa. Marlboro cha Vermont kilifunga milango mwaka 2020. Wells cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1868, na Birmingham-Southern cha Alabama vilifunga mwaka 2024. Idadi ya watoto waliozaliwa Marekani ilianza kushuka baada ya mwaka 2007, na vijana wa miaka 18 sasa wanazidi kupungua, hivyo shinikizo litaendelea. Kinga kubwa ya chuo ni wakfu wake, yaani mtaji uliowekezwa ambao kwa sehemu kubwa ni mapato yake tu yanayotumika kila mwaka. Wa Grinnell unazidi dola bilioni 2 kwa wanafunzi wasiofika 2,000. Chuo kisicho na wakfu mnene kinaweza kuwa kizuri sana, ila kiulizwe bila haya kama idadi ya wanaoingia imepungua katika miaka mitano iliyopita, kama kimefuta idara, na kama chombo kinachokipa ithibati kimekitolea onyo.

Anayetaka udaktari au uwakili aelezwe mapema kwamba Marekani masomo hayo huanza baada ya shahada ya kwanza, na kwamba ni shule chache za udaktari zinazopokea wasio raia. Akirudi nyumbani na shahada ya biolojia au siasa, ataanza upya njia ya taaluma hiyo. Utambuzi wa shahada yenyewe hushughulikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania au Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, na inafaa kuuliza kabla ya kuondoka.

Majibu ya maombi ya kawaida hufika kabla au karibu na tarehe 1 Aprili, na uamuzi hutakiwa ifikapo tarehe 1 Mei. Mzazi aseme kiasi anachoweza kulipa kabla ya barua ya kwanza kufunguliwa, kisha ndani ya mpaka huo amwachie kijana uamuzi. Kijana naye autumie mwezi huo kusoma mpango wa kozi moja halisi kutoka kila chuo kilichobaki, afanye usomaji wa wiki yake moja, na amtafute mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko huko amwulize anakaa wapi mabweni yanapofungwa Desemba. Akishaamua, vyuo anavyoviacha viarifiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa katika kundi la wanafunzi 400 wanaoingia, nafasi moja iliyoachwa mapema huweza kumfikia kijana mwingine aliye kwenye orodha ya kungojea wakati fedha za msaada bado hazijagawanywa zote.