Kuchakaa si Kupitwa na Wakati

Yako maneno ya Kiingereza yaliyoingia vinywani mwa watu wetu kwa mlango wa ofisi, yakaanza kutumika kabla ya kupimwa. Mojawapo ni neno "obsolete". Karani huliandika katika orodha ya mali iliyo ghalani, mwuza mitambo hulitamka mbele ya mnunuzi, na msomi huitupia desturi asiyoipenda. Kila mmoja hudhani amesema jambo lile lile, ilhali kila mmoja amesema lake. Leo twapenda kulipima neno hili kwa mizani ya Kiswahili, tena kwa mifano ya pwani ya kaskazini, kutoka Tanga na Pangani hata Mkwaja, kwa sababu huko si neno la kamusi tu: limepita juu ya riziki za watu.

Wachunguzi wengi wa asili ya maneno hulihusisha na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuzoea. Basi kitu kinachoitwa hivyo ni kile kilichotoka katika mazoea, watu wakaacha kukitumia. Waingereza wana neno la pili, "obsolescent", la kitu ambacho bado chatumika lakini kimekwisha anza kuachwa. Wengi huyachanganya maneno haya mawili. Kiswahili hakihitaji maneno mawili. Kiungo kimoja cha kitenzi chatosha. Tukisema chombo "kinapitwa na wakati", twasema jua lake linatua. Tukisema "kimepitwa na wakati", twasema limekwisha tua.

Kosa kubwa zaidi ni kulifasiri neno hili kwa kuchakaa. Kuchakaa ni habari ya mwili wa kitu: kimelika, kimetoboka, kimelegea. Kupitwa na wakati ni habari ya kitu na dunia inayokizunguka. Mashine ya kupigia chapa yaweza kukaa sandukuni bila kuguswa, haina hata mkwaruzo, na ikawa imepitwa na wakati. Jembe lililolika hata likabaki nusu laweza kuwa limechakaa kabisa, na wakati wake ukawa haujapita, maana mkulima akilitupa atakwenda dukani kununua jembe jingine la namna ile ile. Wazee wetu walilijua jambo hili. Waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakusema kwamba mbacha ni mpya. Walikiri kuwa ni mkeka mkuukuu, walakini bado ni wa kulalia.

Kadhalika Kiswahili kina daraja nyingi za uzee, na si vema kuzifunga zote katika furushi moja. Nguo ni kuukuu, na hapo pana dharau kidogo. Mti au mtu ni mkongwe, na hapo pana heshima. Jambo ni la kale, na hapo pana historia. Hakuna hata moja kati ya hayo lisemalo kwamba kitu hakifai.

Tazameni baharini. Zamani mwambao huu ulikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, vikasafiri kwa tanga la mkeka. Mtepe umepitwa na wakati kwa maana kamili ya neno. Jahazi la misumari lilichukua kazi yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 uundaji wake ukakoma. Wajuao habari zake leo humtafuta katika maandishi na majumba ya makumbusho. Lakini ngalawa, yenye mirengu na ndubi zake, bado hutoka asubuhi kwenda kuvua katika pwani hii. Ni chombo cha kale, na mara nyingi ni kichakavu, ila wakati haujakipita, kwa kuwa mvuvi asiye na fedha za mashine na mafuta hana kingine cha kumvusha maji. Anayeiita ngalawa jina lile la Kiingereza amehukumu kabla ya kusikiliza shahidi.

Mfano wa pili ni katani, zao lililoijenga Tanga. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, nayo iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Shamba la kwanza likawa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo lilizaliwa zao ambalo, kufika mwaka 1964, lilitoa tani 230,000 hivi kwa mwaka, na nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa katani. Kisha zikaja kamba za plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia majani ya mifugo kwa kamba yetu, wakageukia kamba hizo za bei rahisi. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na uendeshaji ulikuwa na udhaifu wake. Hata hivyo pigo la soko lilitoka mbali. Mwishoni mwa karne mavuno yalikuwa yameshuka hata kufika tani 20,000 hivi.

Siku hizo wengi walisema katani imekwisha, ni zao la jana. Je, walisema kweli? Uzi wenyewe haukudhoofika. Kilichobadilika ni bei na mahitaji ya watu wa mbali. Baadaye dunia ikaanza kuuona uchafu wa plastiki isiyooza, na hapa kwetu mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Lile ambalo lilihesabiwa kuwa aibu ya kamba ya katani, yaani kuoza shambani, likageuka kuwa sifa. Tena nyuzi ni kama sehemu 4 tu katika 100 za uzito wa jani; zilizobaki zilikuwa zikitupwa, mpaka pale Hale, wilayani Korogwe, mabaki hayo yakaanza kutumiwa kutoa gesi na umeme. Hapa ndipo tuonapo busara iliyomo katika kitenzi chetu. Kiswahili hakisemi kitu kimekufa, bali kimepitwa, kama msafiri aliyepitwa njiani na mwenziwe. Aliyepitwa hajafa. Yawezekana yule aliyempita akashindwa mbele, naye akamkuta ameketi kando ya njia.

Sasa twende Mkwaja, kusini mwa Wilaya ya Pangani, ambako mambo ni magumu zaidi. Mwaka 1954 kampuni ya katani ya Amboni ilianzisha huko ranchi kubwa ya ng'ombe, ipatayo kilomita za mraba 460, ili wafanyakazi wa mashamba ya katani wapate nyama. Ilikuwa nchi ya ndorobo. Ng'ombe wa Boran waliishi humo kwa nguvu ya dawa na majosho, na vichaka vya miiba vilipigwa vita mwaka hata mwaka. Katani ilipopungua, na vinywa vya kula nyama ile navyo vikapungua. Gharama hazikupungua. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na eneo lake likaingizwa katika hifadhi ya Saadani, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Katika habari hii, ni kipi kilichopitwa na wakati? Si ng'ombe, kwa kuwa nyama ingali ikiliwa. Si ujuzi wa wachungaji na wapiga dawa, maana ndorobo wangalipo katika sehemu nyingi za nchi yetu. Kilichopitwa ni mpango: mpango wa kulisha jeshi la vibarua kwa nchi isiyopenda ng'ombe. Mtu akisema Mkwaja imepitwa na wakati, ametumia neno la mpango kwa kuhukumu mahali na watu wake. Kijiji kilikuwapo na wavuvi wake ranchi ilipofungwa, na watu wake walibaki na swali la riziki ambalo neno moja la kizungu haliwezi kulijibu.

Hiyo ndiyo sababu ya sisi kulishughulikia neno hili. Neno hili si picha tu ya hali ilivyo. Ni amri pia. Likiandikwa juu ya mashine, mashine huuzwa kwa mnada. Likiandikwa juu ya kazi ya mikono, mwenye kazi hukosa mwanafunzi. Tena wako wanaolisema kwa faida yao. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa za umeme duniani waliungana, wakaafikiana kupunguza maisha ya taa hata kufika saa 1,000, ili watu wanunue upya mapema. Mwaka 1932 Mmarekani aitwaye Bernard London alitoa kijitabu kupendekeza kwamba vitu vipangiwe siku ya kufa, ili viwanda vipate kazi. Leo simu nzima, isiyo na ufa, huwekwa kando kwa kuwa mtengenezaji ameacha kuihudumia. Hapo wakati haukupita wenyewe, umesukumwa. Nasi wenye kusema kipya kinyemi ingawa kidonda twajua jinsi moyo wa mwanadamu unavyosaidia kusukuma.

Basi yatupasa, kabla ya kulitamka neno hili kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, tujiulize maswali matatu. Je, kitu hiki kimechakaa, au kimepitwa? Kama kimechakaa, kitengenezwe au kiletwe kingine cha namna yake. Kama kimepitwa, ni kipi kilichokipita, nacho chafika kwa kila mtu au kwa wenye fedha tu? La mwisho, ni nani asemaye, naye atapata nini tukikubali? Mwenye kujibu maswali hayo atalitumia neno kwa haki. Asiyeyajibu na aseme tu kwamba kitu ni cha kale, akome hapo, awaachie wanaokitumia watoe hukumu.