Daftari la Gombe, Dodoso la Gwarama

Vijiji vya Kakonko, Kibondo na Kasulu vimemzoea mgeni mwenye dodoso. Anafika Gwarama kwa bodaboda, anaripoti kwa mtendaji, kisha anapita nyumba kwa nyumba: kuni mnakata wapi, mizigo mingapi kwa wiki, mzinga mmoja unatoa asali kiasi gani? Mama anamjibu huku akimenya muhogo. Wiki mbili zikipita mgeni hayupo, na majibu yamekwenda naye. Tasnifu inajalidiwa kwa Kiingereza na kuwekwa kwenye rafu ya maktaba, mwendo wa siku nzima kutoka kwa yule mama.

Haikupaswa kuwa hivyo, maana mkoa huuhuu wa Kigoma una mfano mwingine. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika msitu wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta na kulamba mchwa walioling'ang'ania. Hiyo wengi wanaijua. Isiyosimuliwa sana ni ya Mei 1975, waasi kutoka Zaire walipovuka ziwa usiku na kuwateka vijana wanne, watatu wao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wageni walikuwa wameshaondoka. Kazi ikabaki kwa Watanzania, akina Hilali Matama na Eslom Mpongo. Walimfuata sokwe mmoja tangu anaposhuka kwenye kiota chake alfajiri hadi anapotandika kingine jioni, wakiandika alichokula na aliyekutana naye. Waliandika kwa Kiswahili. Naam, utafiti maarufu kuliko wote wa sokwe umesimama juu ya Kiswahili cha mkono, kilichotafsiriwa baadaye.

Chuo kilifaa nini hapo? Kilitunza. Kuanzia 1995 Anne Pusey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliyakusanya madaftari hayo na kuyaingiza kwenye kompyuta. Baadaye yakahamia Chuo Kikuu cha Duke. Ni kazi isiyopigiwa makofi. Ila mwaka 2009, kundi la mtafiti Beatrice Hahn wa Alabama lilipopima virusi kwenye kinyesi cha sokwe na kulinganisha na kumbukumbu za uzazi na vifo, lilionyesha kuwa virusi vilivyo ndugu wa VVU huwaua sokwe wa porini. Kabla ya hapo ilidhaniwa haviwadhuru.

Minnesota ndiko alikosomea pia Lilian Pintea, aliyelinganisha picha za setilaiti za 1972 na 1999. Ndani ya hifadhi ya Gombe miti ilikuwa imesimama. Nje, vilima vilikuwa vimebaki vipara. Picha hazikuishia kwenye tasnifu. Kupitia mradi wa uhifadhi wa TACARE, ulioanza 1994, picha kali zaidi zilitandazwa mbele ya wanakijiji, wakaonyesha kwa kidole vijito, mashamba na njia zao, kisha wakapanga wenyewe wapi pa kulima na wapi pa kuacha msitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake. Lakini mpaka hauchorwi kwa maneno matupu, lazima kuwe na ramani.

Nyanda za juu za Kakonko, Kibondo na Kasulu hazina Gombe ya kuvuta kamera. Zina miombo na mizinga, zina kuni zilizogombewa na vijiji na kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu, na upande wa mashariki kuna ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2000. Kazi ipo tele.

Ombi langu kwa Sokoine, Dar es Salaam na vyuo vingine ni dogo. Nauli ya kurudi kijijini iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Msimamizi asisaini tasnifu kabla ya kuona muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ambako matokeo yalisomwa kwa Kiswahili, na mhadhiri anayefanya hivyo apate alama za kupandishwa cheo kama anayechapisha kwenye jarida la ng'ambo. Nawe mtendaji, akija mwingine na dodoso lake, kabla hujagonga muhuri muulize atarudi lini.