Ufa Uliochelewa Kuonekana

Katika pwani ya Jimbo la California nchini Marekani, baina ya miji ya Los Angeles na San Francisco, pana mahali paitwapo Diablo Canyon. Hapo, mnamo mwaka 1968, shirika la umeme lilipewa kibali cha kujenga kinu cha kwanza kati ya vinu viwili vya nyuklia. Katika hesabu za wahandisi ilikuwamo namba moja ndogo iliyotawala unene wa kuta, wingi wa nondo ndani ya zege na uimara wa vishikizo vya mabomba. Namba hiyo ilikuwa 0.4 g.

Herufi g ni mchapuko wa kitu kidondokacho kwa sababu ya mvutano wa dunia, yaani mita 9.8 hivi kwa sekunde, kila sekunde. Ardhi ikitikisika kwa 0.4 g, jengo lililo gumu husukumwa upande kwa kani iliyo sawa na sehemu nne za kumi za uzito wake, kisha hurudishwa upande wa pili, tena na tena. Kwa mwanafunzi aijuaye kanuni ya Newton hesabu hiyo ni nyepesi. Lililo gumu ni kujua namba yenyewe itoke wapi.

Hutoka katika miamba. Wanajiolojia hutafuta nyufa zilizo karibu, hukadiria tetemeko kubwa kabisa ambalo kila ufa waweza kulizaa, kisha hupima umbali, kwa maana mtikiso hufifia kadiri mawimbi yanavyosafiri. Pale Diablo Canyon walichimba mahandaki, wakachunguza tabaka za ardhi, na hawakuona ufa ulio hai. Ule ufa mashuhuri wa San Andreas uko umbali wa zaidi ya kilometa 70. Kwa ushahidi huo, 0.4 g ilionekana kuwa tahadhari ya kutosha. Sakafu ya bahari, iliyo hatua chache tu kutoka hapo, haikuchunguzwa.

Waliochunguza bahari walikuwa na shabaha nyingine. Hoskins na Griffiths, wanajiolojia wa kampuni ya Shell, walishughulika na utafutaji wa mafuta, na mwaka 1971 walichapisha habari za ufa mrefu upitao chini ya maji. Silabi za mwanzo za majina yao ziliunganishwa, ukaitwa Hosgri. Ufa huo una urefu wa zaidi ya kilometa 100, na umbali wake kutoka kwenye vinu ni kilometa 5 hivi. Wakati huo zege lilikuwa limekwisha kumwagwa.

Mwaka 1973 serikali ya Marekani ilitoa kanuni mpya. Ufa ulihesabiwa kuwa wa hatari iwapo umesogea hata mara moja katika miaka 35,000 iliyopita, au zaidi ya mara moja katika miaka 500,000. Muda huo waweza kushangaza, maana kinu hupewa leseni ya miaka 40 tu. Lakini ufa uliokaa kimya tangu kabla ya historia kuandikwa si lazima uwe umekufa.

Idara ya Jiolojia ya Marekani ilikadiria kwamba Hosgri waweza kuleta tetemeko la kipimo cha 7.5, na kilele cha mchapuko cha 1.15 g. Nathan Newmark, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipendekeza 0.75 g. Hoja yake ilikuwa kwamba kilele cha nukta moja ya wakati, kinachonaswa na chombo kimoja, hakivunji jengo. Tena msingi mpana hautikisiki kama chembe moja ya udongo. Kifizikia hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo si vigumu kuelewa kwa nini wapinzani wa mradi walishuku kwamba namba ilikuwa ikipunguzwa ilingane na jengo lililokwisha kusimama.

Iliyokubaliwa ni 0.75 g. Ikabidi vishikizo vya mabomba na mitambo vihesabiwe na kuimarishwa upya, kwani kila kitu ndani ya jengo kina mwendo wake wa asili wa kuyumba, kama mtoto juu ya pembea: mtikiso ukiafikiana na mwendo huo, bomba laweza kuyumba kuliko ardhi yenyewe. Ndipo, Septemba 1981, lilipogunduliwa kosa la ajabu. Vinu viwili vilijengwa kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mchoro wa kimoja ulikuwa umetumiwa kwa hesabu za kingine. Novemba mwaka huohuo leseni ya kukijaribu kinu cha kwanza ilisimamishwa. Vinu vilianza kuuza umeme mwaka 1985 na 1986.

Mwaka 2008 matetemeko madogo mno, yasiyohisiwa na watu, yalichorwa kwenye ramani ya pwani hiyo, yakajipanga mstari. Ulikuwa ufa mwingine, nao ukaitwa Shoreline. Uko umbali wa mita 600 hivi kutoka kwenye vinu. Wahandisi walirudi kwenye hesabu zao, na mtikiso wake ukakadiriwa kuwa ndani ya kiwango kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya Hosgri.